Seva Ikae Samburu au Mawinguni?

Samburu ya Kwale, ambayo wengi huichanganya na kaunti ya Samburu ya kaskazini, imepitiwa na vitu vya wengine kwa zaidi ya karne moja. Reli ya kutoka Mombasa ilipita hapo miaka ya 1890, ikafuatwa na barabara kuu, bomba la maji ya Mzima yanayokwenda kunywewa Mombasa, na sasa nyaya za faiba zinazopeleka Nairobi na Uganda mawasiliano yaliyotoka baharini. Kupitiwa, hata hivyo, si kufikiwa. Basi kituo cha afya, shule au ofisi ya wadi katika mji kama huo ikitaka kuweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta, seva ikae wapi? Ndani ya jengo lenyewe, katika chumba chenye kufuli, au mbali, kwa kampuni inayokodisha nafasi kwenye wingu? Mjadala huu nitauendesha kwa sauti tatu zinazosikika kila swali hili linapoletwa mezani: ya mhasibu, ya muuguzi, na ya msimamizi wa mitandao, ambaye huku Pwani kila mtu humwita fundi wa kompyuta hata akiwa na shahada mbili. Zisomwe kama sauti za kazi, si za watu fulani. Upande wangu siufichi: kazi isiyoweza kusubiri ibaki Samburu, na hesabu ya gharama yake ianze na mtu atakayeitunza seva, mashine ifuate.

Mhasibu ndiye huanza, na huanza vizuri. "Bwana fundi, mwataka ninunue mashine ya mamia ya maelfu ya shilingi, niitilie kiyoyozi, UPS na jenereta, halafu baada ya miaka mitano mniambie imezeeka. Kwenye wingu nalipa kila mwezi ninachotumia. Kitu kikiharibika, wao ndio wa kukesha, mimi nalala." Wapenzi wa mashine huicheka hoja hii, lakini haichekeki. Jumba la seva linalojiheshimu lina stima ya njia mbili, jenereta zaidi ya moja, vifaa vya kuzima moto na wataalamu wa zamu usiku na mchana. Chumba cha stoo kilichopakwa rangi upya hakitafikia hapo. Barua pepe, tovuti, orodha ya mishahara, masomo ya wafanyakazi, yote haya nayakubali yaende mawinguni bila ubishi. Hoteli ya Diani inayopokea wageni kutoka Ulaya haina sababu ya kuweka tovuti yake Diani, ambako hewa ya chumvi hula viunganishi vya shaba mpaka vikaota kijani, na ambako mbega akigusa waya wa stima usiofunikwa hufa yeye na huenda stima ikapotea. (Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limekuwa likipogoa matawi na kuhimiza nyaya hizo zifunikwe; ni kazi ya kuwaokoa mbega, ila mafundi wa hoteli nao hawajaikataa faida yake.)

Muuguzi humsikiliza mhasibu mpaka mwisho, kisha huuliza swali moja. "Bwana mhasibu, saa nne asubuhi mama ameingia na mtoto wa kudungwa sindano ya surua. Ametoka Chengoni ndani, bodaboda ameilipa. Natafuta kumbukumbu za mtoto, naambiwa mtandao hakuna. Nimwambie arudi lini?" Mhasibu hujibu kwamba mtandao siku hizi haukatiki kama zamani. Ni kweli, na haitoshi. Kebo ya baharini ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah mwaka 2009, na Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa nje ya bandari ikaikata. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Kenya, Tanzania na Uganda zote zikapunguziwa kasi, miezi michache tu baada ya kebo kadhaa kuharibika katika Bahari ya Shamu. Na hizo ndizo zinazoandikwa magazetini. Tingatinga linalochimba mtaro kando ya barabara kuu na kung'oa faiba haliandikwi popote, ila linanyamazisha mji mzima wa barabarani kwa mchana kutwa.

"Basi tununue Starlink," mhasibu anasema. Setilaiti hizo zilianza kuhudumia Kenya Julai 2023, na kwa mahali kama Samburu zimekuwa msaada wa kweli. Tingatinga haliwezi kuzing'oa. Lakini tarehe 24 Julai 2025 mtandao huo nao ulilala ulimwenguni kwa takriban saa mbili na nusu kwa hitilafu ya programu zake za ndani. Tena njia ikiwa nzima, kule iendako kunaweza kuwa kumefungwa. Tarehe 20 Oktoba 2025 Amazon, mkodishaji mkubwa kuliko wote wa wingu, aliangukiwa na huduma zake za Virginia Kaskazini, na chanzo kikawa kasoro katika DNS, yaani ule mfumo wa kugeuza majina kuwa anwani za tarakimu ambao fundi mchanga hufundishwa kuukagua mapema. Mashirika yaliyokuwa maelfu ya kilomita kutoka Virginia yakasimama.

Hapa mhasibu ana jibu zito kuliko anavyojua mwenyewe, na ni haki liwekwe mezani. Amazon iliinuka ndani ya siku ileile. Starlink iliinuka ndani ya saa chache. Seva iliyofungwa stoo huko Samburu, isiyo na mtu anayeielewa, ikizimika Ijumaa inaweza kulala mwezi mzima na vumbi likaifunika. Tukihesabu idadi ya maanguko peke yake, tunahesabu kitu kisicho na maana. Linalopaswa kupimwa ni umbali kati ya hitilafu na mkono unaoruhusiwa kuirekebisha. Wingu linaweka hitilafu mbali, na mkono uko hukohuko penye hitilafu, ila mkono huo haumjui mama wa Chengoni wala hautampa kipaumbele. Seva isiyo na fundi inaweka hitilafu karibu, mkono ukawa mbali, na huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote. Ndio pia mpangilio ambao ofisi za umma hununua mara nyingi, kwa sababu mashine hupigwa picha siku ya kukabidhiwa na mshahara haupigiki picha.

Wazo la kuweka vitu karibu si uzalendo wa bendera. Kabla ya mwaka 2000 ujumbe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi jirani, zikiwa zimeunganishwa na kampuni tofauti, ulizunguka ng'ambo kwa setilaiti kisha ukarudi, na kila safari ililipiwa kwa fedha za kigeni. Watoa huduma wakaunda KIXP, mahali pa kubadilishana mawasiliano humuhumu nchini. Kilifunguliwa mwishoni mwa 2000, Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti akakifunga, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Leo hakuna anayetaka kurudi nyuma. M-Pesa, iliyoanza 2007, iliendeshwa kwa seva zilizokuwa Ujerumani hadi 2015, zilipohamishiwa Kenya. Pesa ya muuza samaki wa Msambweni ilikuwa ikienda Ulaya na kurudi kabla ya kufika kwa jirani yake. Waliohamisha walikuwa watu wa biashara, wenye mahesabu makali kuliko ya mhasibu wetu, na waliona kwamba umbali una bei.

"Hayo ni Nairobi," mhasibu anakatiza. "Kijijini nani amewahi?" Mosoriot. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana walianzisha mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, ukafanya kazi humo kituoni wakati ambapo hapakuwa na intaneti ya kutegemewa wala simu za mkononi za kutosha. Kutokana na uzoefu wa kazi ile ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi, na juu yake ikajengwa KenyaEMR, ambayo vituo vingi vya Kenya huiendesha kwa seva iliyomo ndani ya jengo. Hivyo jambo tunalolijadili kama ndoto ya Samburu lina zaidi ya miaka 20 ya ushahidi, na ushahidi huo ulianzia kijijini ndipo ukaenda mjini.

Sasa tumpe fundi nafasi, maana kazi yake ndiyo isiyoeleweka. Tuseme stima ilipotea usiku, kama ilivyopotea karibu Kenya nzima tarehe 25 Agosti 2023, ikarudi alfajiri. Asubuhi karani wa mapokezi anatangaza: "Intaneti imeharibika." Fundi mbaya hukimbilia seva na kuizima na kuiwasha. Fundi mzuri huuliza kwanza: ni kompyuta moja au zote? Jana jioni ilikuwa inafanya kazi? Nani aligusa nini? Kisha hutazama taa za swichi. Tundu lisilowaka taa ni waya uliochomoka au uliotafunwa na panya. Taa zikiwaka, huangalia kompyuta imepewa anwani gani. Hapo hukutana na tatizo la kawaida kabisa: mtu ameleta ruta ya nyumbani ili simu yake ipate Wi-Fi, akaichomeka kwenye swichi kwa tundu lisilofaa, na sasa ruta hiyo inagawa anwani zake kwa kila kompyuta inayoamka, ikishindana na ile halali. Nusu ya kompyuta ziko kwenye mtandao wa kituo, nusu ziko kwenye mtandao wa ruta ya mgeni, na kila moja inaapa kuwa imeunganishwa. Hakuna kilichoharibika. Ni kuchomoa waya mmoja, ila lazima awepo wa kujua ni upi.

Tuseme ruta haipo, anwani ziko sawa, seva inaitika ikiitwa kwa ping, na bado watumishi hawaingii. Kivinjari kinasema cheti cha usalama hakifai. Fundi hutazama tarehe ya seva na kukuta ni Januari ya mwaka wa zamani sana. Kwenye ubao mama wa kila seva kuna betri ndogo ya duara, ukubwa wa sarafu, inayotunza saa mashine inapokosa stima. Ikifa, seva huamka bila kujua leo ni lini. Cheti kilichotolewa mwaka huu huonekana hakijaanza kutumika, seva za nje hukataa kuzungumza nayo, na mbaya zaidi, kama programu itaruhusu watu kuingia, mtoto wa Chengoni ataandikiwa tarehe ya kurudi kliniki ambayo ilishapita. Seva ingeweza kujisahihisha kwa kuuliza saa kwenye intaneti, lakini asubuhi hiyo faiba nayo haijarudi. Dawa ni betri isiyofika bei ya nauli ya kwenda Kwale na kurudi. Aliyepo anaibadilisha kwa dakika chache. Asiyekuwepo anaandikiwa barua, barua inangoja LPO (hati ya kuagizia manunuzi), na LPO inangoja robo mwaka ijayo.

Samburu ina adui wake mwingine ambaye Diani hamjui vizuri. Pwani huku ni unyevu na chumvi. Nyika ni joto kavu na vumbi. Betri za risasi zilizomo kwenye UPS hupimwa uhai wake katika nyuzi 25 za Selsiasi, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Chumba chenye mabati bila dari hukizidi kipimo hicho bila jitihada. UPS iliyouzwa kama ya miaka mitano huisha katika miaka miwili, kimyakimya, ikiendelea kuwasha taa yake ya kijani hadi siku stima inapopotea ndipo ijulikane haina kitu. Kwa hiyo fundi wa Samburu anahitaji dari, dirisha lenye wavu wa vumbi, waya wa kutuliza radi ardhini na tabia ya kuchomoa UPS mara kwa mara akiwa amesimama hapo, aone inashikilia dakika ngapi. Kiyoyozi kikubwa ndicho huombwa kwanza kwenye bajeti, na mara nyingi ndicho cha mwisho kwa umuhimu.

"Lakini fundi anaweza kuingia kwa mbali," mhasibu anasema. "Mmoja akae Msambweni au Kwale, ahudumie kaunti nzima kwa kompyuta yake." Hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu kwa siku nyingi za mwaka ni sahihi. Inavunjika siku inayohitajika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea duniani kwa takriban saa sita baada ya amri iliyotolewa wakati wa matengenezo kukata uti wa mgongo wa mtandao wao. Wahandisi wao, wenye kila chombo cha kufanya kazi kwa mbali, wakakuta vyombo vyenyewe vinapitia mtandao uleule uliokufa. Ikabidi watu waende kwa miguu yao hadi kwenye seva, na milango yenye ulinzi mkali ikawachelewesha. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho baya la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na nyingi hazikufufuka mpaka mtu akae mbele ya kila moja, aiwashe kwa njia ya dharura na kufuta faili. Mashirika tajiri ya ndege yalikuwa yakitafuta vijana wa kutembea na orodha ya kompyuta mkononi. Ukitoka Kwale, barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na feri ya Likoni, lakini haikufikishi Samburu kabla ya foleni ya wagonjwa kugeuka na kwenda zake.

Muuguzi ana shaka yake, na si ndogo. "Kaka, huyo kijana mkishamfundisha atakaa? Akipata Mombasa ataenda, akipata Nairobi atakimbia." Ataenda, ndiyo. Sioni sababu ya kumlaumu. Ila hoja hii inadhani kwamba Samburu inahitaji mhandisi, na ndipo inapoteleza. Inahitaji mkono wa kwanza: mtu aliyepita chuo cha ufundi, anayejua kusoma taa za swichi, kubadilisha diski na betri, kurudisha nakala rudufu, na kueleza kwa simu anachokiona bila kukisia. Kazi ya kubuni mtandao, kuweka ngome za kuzuia wavamizi na kusasisha programu inaweza kufanywa na mtaalamu wa kaunti kwa mbali. Watu wa aina ya kwanza wanapatikana Kinango na Mariakani, na wakifundishwa wawili badala ya mmoja, na yote yakaandikwa katika daftari (anwani, nywila ndani ya bahasha iliyotiwa muhuri, mabadiliko yote na tarehe zake), kuondoka kwa mmoja hakuondoki na seva. Daftari hilo ndilo kipimo changu cha msimamizi mzuri kuliko vyeti vyake.

Kuhusu wizi na wavamizi nitapita haraka, kwa sababu jibu linajulikana na kinachokosekana ni utekelezaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, ziwe Samburu au Virginia, na haimwondolei dhima anayezikodishia nafasi. Diski isimbwe, ili anayeiba mashine aibe chuma tu. Nakala ziwe tatu, moja iwe nje ya jengo, na hapo ndipo wingu linapopata kazi yake halali: kupokea usiku kile kilichofanywa mchana. Diski mbili zinazoakisiana ndani ya seva moja si nakala rudufu, hata muuzaji akisemaje. Ukifuta kimakosa, zote mbili hutii. Tena nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa isihesabiwe.

Mhasibu anabakiwa na turufu. "Tangu 1 Oktoba 2024 mambo ya SHA, bima ya afya ya taifa, lazima yapite mtandaoni. Mtandao ukikatika, hata mkiwa na seva kumi, madai hayaendi. Sasa faida iko wapi?" Faida ni kwamba kinachongoja ni madai, mgonjwa hangoji. Seva ya ndani inaandika tiba, dawa na tarehe, inayapanga yanayopaswa kwenda Nairobi, na njia ikifunguka inayatuma kwa mpangilio. Uthibitisho wa bima unaohitaji jibu la papo hapo utakwama, hilo nalikubali, na halina dawa ya kifundi Samburu. Ni uamuzi wa wanaoendesha mfumo wa taifa kuruhusu kituo kitibu kwanza na kuthibitisha baadaye. Julai 2023 eCitizen ilipovurugwa na wavamizi, Wakenya walipata somo la nini hutokea huduma nyingi zikiwekewa mlango mmoja.

Linalobaki kati yangu na mhasibu ni idadi. Yeye anataka mkono mmoja kwa ukanda mzima wa barabara kuu, zahanati zote na shule zote. Samburu, Taru na Mackinnon Road, tuache ugomvi wa mpaka na Taita Taveta, ziko kwenye mstari mmoja wa lami, na mtu mwenye pikipiki, kisanduku cha vipuri na kibali cha kutumia pesa ndogondogo bila kusubiri LPO anaweza kuzihudumia. Akiongezewa Kinango na vijiji vya ndani ambako mvua hukata njia, akinyimwa pikipiki na kuambiwa arejeshewe nauli mwisho wa mwezi, tumerudi kwenye seva iliyofungwa stoo. Mhasibu anasema vituo vitatu kwa mtu mmoja ni anasa. Alete majedwali yake, na safari hii aweke ndani yake safu ya nauli ya mama wa Chengoni aliyerudishwa nyumbani.